Masaa Saba Kwenda, Sita Kurudi

“Huko unakokwenda, mwanangu, ni mbali kiasi gani?”

Mama aliuliza kwa upole kabisa, na kwa ajili ya upole huo binti yake, aliyekuwa akimimina chai, alijua mambo yameharibika. Mama akigomba, hugomba yakaisha. Akiwa mpole, ujue ameshakata shauri.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri. Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka safi, mafungu ya sare za wanafunzi yamefichwa chumbani, na sebule ndogo ilinukia sabuni ya sakafu. Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa shangazi wa mposaji, mama wa makamo mwenye miwani na maneno mengi. Wa pili alikuwa mposaji mwenyewe, kijana waliyemwita Fundi, amevaa shati jeupe lililonyooshwa hadi mikunjo ikakata tamaa. Alikuwa akitengeneza miguu ya bandia katika hospitali kubwa ya mji, na hata aoge vipi, chini ya kucha zake hapakukosa chembe za plasta nyeupe. Alikuja kuomba mchumba kabla ya safari. Alhamisi hii angepanda ndege kwenda kufanya kazi miaka mitatu katika karakana ya hospitali ya nchi nyingine.

Aliposikia swali la Mama, Fundi alimtazama binti.

“Mama, anayejua hayo vizuri ni huyu.”

Kweli ndiye aliyejua. Kazini walimwita Dira, na jina hilo lilimfuata hadi nyumbani. Ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta katika chumba cha kupanga safari za ndege, akaichorea kila ndege njia yake kabla haijaruka: umbali, kimo, upepo, mafuta, muda. Rubani asingewasha injini bila karatasi yenye sahihi yake.

Dira aliweka birika chini. “Kilomita elfu tano, mia moja na arobaini.”

“Mimi kilomita sizijui. Niambie kwa masaa.”

“Masaa saba na dakika tano kwenda. Kurudi, masaa sita na dakika kumi.”

“Kumbe kurudi ni karibu?”

“Si karibu, Mama, umbali ni ule ule. Ni upepo tu. Kwenda unakupinga, kurudi unakusukuma.”

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, akiipangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

“Basi yupo mtu nimjuaye,” alisema, “ambaye upepo umekuwa ukimsukuma huu mwaka wa kumi na tisa, na bado hajafika.”

Kikombe cha shangazi kilikwama hewani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa anasemwa nani. Baba yake Dira, mchomeleaji vyuma, aliondoka binti yake akiwa na miaka tisa. Alikwenda mji ule ule anaokwenda Fundi. Alisema ni kazi ya miaka miwili. Mwaka uliofuata Dira aliomba ramani kwa mwalimu, akachukua uzi kwenye kibweta cha mama yake, akapima kutoka kwao hadi kwa baba. Uzi ulikuwa mfupi kuliko kidole chake cha shahada. Siku hiyo aliamini baba yuko karibu. Alipokua akajifunza kupima vizuri, akaifanya kazi.

Shangazi alikohoa. “Dada yangu, vidole vitano havilingani. Huyu wetu tumemlea wenyewe. Akienda dukani kununua chumvi, anarudi na chumvi na chenji. Sijawahi kuona mwanamume wa namna hiyo, hata mume wangu hayuko hivyo.”

Siku nyingine Mama angecheka. “Sina neno na kijana,” alisema. “Adabu anayo, kazi anayo, na binti yangu anampenda, mimi si kipofu. Neno langu ni hilo la umbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Aende salama, afanye kazi yake amalize. Akirudi, na akamkuta huyu bado yupo, milango iko wazi. Lakini kumfunga binti yangu kwa mtu aliye upande wa pili wa mawingu, hapana. Nilifungwa mimi, inatosha.”

“Mama,” Fundi alisema, “naomba nikuahidi kwamba…”

“Usiniahidi, mwanangu. Kunywa chai, itapoa.”

Alikunywa. Dira alimwona akiimeza kama dawa.

* * *

Shangazi alitangulia barabarani, akisema miguu yake mizito na asisubiriwe, ingawa hakuna aliyekuwa na nia ya kumsubiri. Wawili wale walibaki kando ya lango la bati, juani. Jirani alikuwa akiosha gari, na maji ya povu yalitiririka hadi karibu na viatu vyao.

“Hukusema hata neno,” Fundi alianza.

“Nilisema.”

“Ulisema kilomita.”

Dira aliutazama mtiririko wa povu. “Ulitaka niseme nini mbele ya mama yangu?”

“Nilitaka useme unanitaka.”

“Unajua kwamba nakutaka.”

“Najua mimi. Yeye hakusikia.”

Alikuwa na sauti ya chini, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Mwaka mmoja na nusu uliopita mtu huyu huyu alipanda ngazi pale uwanja wa ndege hadi kwenye mlango ulioandikwa “Wafanyakazi Tu”, akataka kujua kwa nini shehena yake ya vifaa vya miguu imechelewa saa nzima. Dira alimweleza habari za upepo wa juu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, “Kwa hiyo kuna mzee ananisubiri wodini tangu asubuhi, na mimi nikamwambie mguu wake umepingwa na upepo?” Dira alicheka hadi mkuu wa zamu akageuka. Tangu siku hiyo Fundi alipata sababu ya kufuatilia kila shehena, hata isiyo yake.

“Nisikilize,” Dira alisema. “Baba alipoondoka, aliyebaki na Mama ni mimi. Kila ndege ikipita juu ya nyumba, alikuwa anasimamisha cherehani. Mguu unakaa juu ya pedali, hausogei, mpaka ule mvumo uishe. Mpaka leo anafanya hivyo. Niondoke na mimi, abaki anasikiliza ndege mbili?”

“Sijasema umwache. Nimesema nikuoe, nikatangulie, uje unitazame, urudi kwake ukinichoka. Kuna simu. Kuna ndege, na wewe ndiye unayezipanga!”

“Kila anayeondoka huwa na hesabu nzuri. Baba alisema miaka miwili.”

Fundi alitazama viatu vyake. Alipoinua macho, aliyakaza usoni kwake, na Dira akahisi joto likimpanda shingoni, kama ilivyokuwa kila mara alipotazamwa na macho yale ya mtu aliyezoea kuwatazama watu penye maumivu.

“Dira, mimi nikimtengenezea mtu mguu, nampima yeye aliyekaa mbele yangu. Sichukui kipimo cha mwingine nikamvalisha. Atachubuka, ataanguka. Wewe hunipimi mimi. Unampima baba yako.”

Maneno yalimwingia, tena yaliingia pale pale. Na mtu aliyeguswa kidonda haangalii anarusha nini.

“Basi nenda na vipimo vyako,” alisema. “Huko utapata wengi wa kuwapima.”

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Fundi aliitikia kwa kichwa mara moja.

“Ndege ni Alhamisi, saa sita mchana. Sitakusumbua kwa simu. Ukitaka kuniaga, uwanja unaujua kuliko mimi.”

Akaondoka, akimfuata shangazi yake aliyekuwa amesimama mbali kidogo akijifanya anasoma tangazo la fundi bomba.

* * *

Jumatatu hakupiga simu. Jumanne hakupiga. Dira naye aliishika simu yake mara nyingi kuliko alivyoshika kijiko. Kazini alipanga safari kumi na moja kwa siku bila kosa, lakini mkuu wa zamu, mzee mnene asiyependa mambo ya watu, alimwekea kikombe cha chai mezani mara mbili bila kuombwa.

Jumatano ilikuwa siku yake ya kupumzika. Mchana alikuwa akipiga pasi kola za sare huku Mama akishona pindo. Ndege ilipita. Cherehani ikanyamaza. Mvumo ulipofifia, mguu wa Mama haukurudi kazini.

“Zima hiyo pasi, ukae.”

“Bado kola mbili, Mama.”

“Kola hazina haraka. Kaa.”

Dira akakaa kwenye kigoda.

“Kesho huendi kumuaga kijana?”

“Niko zamu ya asubuhi.”

“Si hapo hapo anapoondokea?”

Dira aliokota kipande cha uzi sakafuni.

“Unafanya hivyo kwa ajili yangu?”

“Tuache, Mama.”

“Nakuuliza.”

“Kwa ajili yetu sote. Yaliyokupata wewe niliyaona kwa macho yangu.”

Mama alivua tondoo ya kushonea kidoleni, akaiweka mezani.

“Hukuyaona. Uliona yale niliyokuonyesha.” Alivuta pumzi. “Baba yako alirudi.”

Dira alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama mama yake mdomoni, kana kwamba neno bado liko pale na linaweza kusomwa upya.

“Alirudi lini?”

“Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa shuleni, wiki ya mitihani. Simu ya mezani ililia asubuhi. Akasema, ‘Mama Binti, niko uwanjani, nimeshatua. Nachukua teksi, nije?’ Kama mtu aliyetoka sokoni.” Mama alijaribu kutabasamu, akashindwa. “Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Watu walikuwa wameniletea habari kwamba huko aliko ana mwanamke. Nikamuuliza. Hakukana. Akasema, ‘Nilikuwa naye, yamekwisha, nimekuja kukuomba radhi kwa mdomo wangu na si kwa barua.’ Nami nikamwambia…”

Alisimama. Vidole vyake vilitafuta tondoo mezani, vikaishika, vikaiacha.

“Nikamwambia, ‘Panda hiyo hiyo iliyokuleta.’”

“Mama.”

“Alipiga tena saa sita. Nikakata. Saa tisa ikalia mara ya tatu, nikapokea, hakusema kitu. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake wanatangaza abiria waende mlangoni. Mimi pia sikusema. Ndege ya kurudi ilikuwa saa kumi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa. Niliisikia ikipita juu ya paa langu, mwanangu. Sijawahi kuacha kuisikia.”

Pasi ilikuwa bado ya moto. Harufu ya kitambaa kilichokaribia kuungua ilijaa chumbani. Dira alinyoosha mkono, akachomoa waya ukutani.

“Miaka kumi na mitano,” alisema. “Miaka kumi na mitano umeniacha niamini kwamba hakututaka.”

“Mwanzoni nilikuwa na hasira. Hasira ilipoisha nikawa na aibu. Aibu ndiyo haikuisha.”

“Nilikuwa nikikuuliza. Kila mwaka nilikuwa nikikuuliza kwa nini haji!”

“Uliniuliza.”

“Ukaniambia ni mbali!”

Mama hakujitetea. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha yashuke. “Jumapili nilipomkatalia yule kijana, nilijiambia nakulinda. Lakini siku tatu hizi nakuona unatembea humu ndani husemi, huli, unaitazama simu, unaipa kisogo. Nikajiona mimi. Umbali haukunitenganisha na mume wangu. Alishauvuka wote, zikabaki kama dakika ishirini za teksi. Hizo ndizo nilizomnyima. Sasa nisikuone unanakili uongo wangu, ukauita busara.”

Dira aliinuka, akafungua mlango, akatoka. Alitembea hadi viatu vikamkata. Alirudi jua linazama, akapita sebuleni kimya, akafunga chumba chake. Mama naye hakumgongea.

* * *

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, safari ya saa sita ilijitokeza kwenye orodha.

“Nipe mimi hiyo,” mkuu wa zamu alisema, bila kuinua macho. “Wewe chukua zile fupi.”

Kumbe alijua. Chumba kizima kilijua.

“Hapana, mkuu. Hii ni yangu.”

Aliifungua. Upepo wa siku ile ulikuwa mkali, wa kupinga, umejaa juu kama mto uliofurika. Njia ya kawaida ingeiburuza ndege karibu masaa saba na nusu. Dira alijaribu njia ya kaskazini, ikawa ndefu mno. Akajaribu kuishusha ndege futi elfu mbili chini ya upepo ulipokaza zaidi, akahesabu mafuta, akahesabu tena. Masaa saba na dakika ishirini na mbili. Akaongeza mafuta ya akiba kuliko ilivyolazimu, kisha akaandika sababu: hali ya hewa. Halikuwa jambo la uongo. Alipotia sahihi, alikaa akiitazama kama mtu aliyetia sahihi barua.

Rubani alipokuja kuchukua karatasi, alisoma, akainua nyusi. “Leo umetuhurumia.”

“Mna watu ndani,” Dira alisema.

Saa nne na robo alimwomba mkuu wa zamu dakika ishirini. Mkuu alitazama saa yake ya mkononi. “Chukua arobaini. Na upitie kunawa uso.”

Ukumbi wa kuondokea ulikuwa umejaa mikokoteni ya mizigo na watu wanaokumbatiana haraka kabla foleni haijasogea. Alimwona shangazi kwanza, kwa miwani. Halafu akaona bega la Fundi, amebeba mfuko wa vifaa vyake ambao hakutaka kuupakia na mizigo mingine. Fundi aligeuka, wala hakuitwa. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu, na Dira, aliyekuwa amepanga maneno ngazi nzima, akayasahau yote.

“Mimi nakwenda kutafuta maji ya kunywa,” shangazi alisema, ingawa chupa ilikuwa mkononi mwake.

Walisogea kando, karibu na dirisha. Ndege yenyewe ilikuwa pale nje, gari la mafuta limesimama chini ya bawa.

“Nilikosa adabu siku ile,” Dira alisema. “Niwie radhi.”

“Na mimi nilisema jambo lisilonihusu. Habari za baba yako…”

“Ulisema kweli. Tena kweli yenyewe hukuijua, hata mimi sikuijua.” Akamsimulia. Alisimulia kwa ufupi, kwa sauti isiyo na machozi, kwa sababu alikuwa na sare na kitambulisho kifuani na watu walikuwa wakipita. Alipofika kwenye simu ya tatu, ile isiyo na maneno, sauti ilimkatika. Fundi hakumwambia nyamaza wala pole. Alishusha mfuko sakafuni, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akauacha humo.

“Alikuwa hapa,” Dira alisema. “Katika jengo hili. Kila siku napita pale palipokuwa na simu za umma. Nimefanya kazi hapa miaka sita, napita bila kujua kwamba baba yangu aliwahi kusimama pale anapumua.”

“Yuko hai?”

“Sijui. Sikuuliza. Nilikasirika nikatoka.”

“Utauliza?”

“Nitauliza.” Alipangusa pua kwa kiganja kama mtoto. “Lakini si hilo lililonileta. Nimekuja kukwambia kwamba nakutaka. Nilipaswa kusema Jumapili mbele ya mama yangu na ya shangazi yako, nikasema kilomita. Nasema sasa. Sikwambii nitapanda ndege kesho. Mama siwezi kumwacha hivi tulivyo. Nikiondoka sasa nitakuwa nimemkimbia. Nipe miezi.”

“Mingapi?”

“Usinibane. Sita.”

Fundi alifikiri. Halikuwa jambo la kumfurahisha. Dira aliona jinsi taya lake lilivyokaza, na alimpenda kwa kutoficha. “Nikikwambia hainiumi nitakuwa nadanganya,” alisema mwishowe. “Lakini basi tufanye hivi. Miezi sita ikifika nitakuja mimi. Likizo ya kwanza watakayonipa, hata iwe siku nne, nitakuja nikae tena kwenye kile kiti cha mama yako. Akinikatalia tena, nitakunywa chai tena, nitarudi tena.”

“Hatakukatalia.”

“Wewe mwache anikatalie kidogo. Ni haki yake.”

Dira alicheka, na cheko likageuka kilio katikati. Fundi alimvuta, akamficha uso kifuani pake, na kwa muda kidogo sare haikuwa na maana.

“Sikia,” Dira alisema pale pale kifuani. “Siku utakayotua ukanipigia ukasema uko uwanjani, atakayepokea ni mimi. Hata nikiwa nimekasirika nawe. Hata ukiwa umenikosea vipi. Nitapokea, nitakwambia njoo, tugombane nyumbani.”

“Nami nitakuja hata ukiniambia nisije.”

“Hiyo ndiyo nataka.”

Shangazi alirudi na chupa zake mbili sasa. “Wanaita watu wa safari yako,” alisema, kisha akamgeukia Dira, akamtengeneza kola ya sare. “Mkwe, hebu niambie wewe unayejua, hiyo ndege ni nzima?”

“Ni nzima, Shangazi. Leo kuna upepo mkali mbele yao, itachelewa dakika kumi na saba. Msishtuke asipopiga simu mapema. Mafuta nimewapa ya kutosha na ya kubaki.”

“Umewapa mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Shangazi alimtazama Fundi, akamtazama Dira, akaguna. “Haya. Mwingine angepunguza, iishie njiani irudi.”

Fundi alichukua mfuko wake. Hakugeuka mara nyingi. Aligeuka mara moja tu, penye mlango wa ukaguzi, akiwa ameshavua mkanda na viatu, akiwa amesimama na soksi kama mtu aliyeamshwa, na akamtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alilazimika kumgusa bega.

Saa sita na dakika nne ndege iliinuka. Dira hakwenda dirishani. Alikuwa kwenye kiti chake, akipanga safari nyingine, na aliusikia mvumo ukipita juu ya jengo, ukipungua, ukiisha. Akamaliza mstari aliokuwa akiuandika.

* * *

Alifika nyumbani saa tisa na nusu. Mama hakuwa akishona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani, na ilionekana amekaa hapo muda mrefu.

“Ameondoka?”

“Ameondoka. Baada ya miezi sita atakuja kukuomba tena.”

“Akija, nitamsikiliza.”

Dira alivua viatu, akaketi kando ya mama yake, si karibu sana.

“Sijakusamehe, Mama. Nataka ujue hivyo. Nimekaa hapa kwa sababu hapa ni kwetu na wewe ni mama yangu, lakini bado.”

“Najua.”

“Baba yuko hai?”

“Yuko.”

“Unajuaje?”

Mama alinyoosha kanga mapajani. “Kila mwaka, siku uliyozaliwa, hupiga simu. Huuliza, ‘Mzima?’ Namwambia mzima. Mwaka ulipopata kazi nilimwambia na hilo. Akalia. Halafu mimi hukata.”

Nje mtu alikuwa akiita jina la paka wake. Dira alisubiri hadi pumzi yake itulie, kisha akatoa simu mkobani.

“Nipe namba yake.”

Alitarajia Mama ainuke akalete simu yake chumbani, au kijidaftari. Mama hakuinuka. Alikaza macho sakafuni, akaanza kuitaja, tarakimu moja baada ya nyingine, kuanzia zile za nchi, bila kusita popote. Dira alizibonyeza. Alipomaliza alimsomea tena ili kuhakikisha.

“Hapana,” Mama alisema. “Ya tatu kutoka mwisho si tano. Ni tisa.”

Dira akasahihisha, akabonyeza, akaiweka simu mezani, sauti wazi. Ikaanza kuita huko mbali. Mama alijisogeza ainuke atoke, na Dira, macho yakiwa kwenye simu, akamshika mkono, akamketisha.